Amri Mbovu ya Kila Asubuhi

Kitu cha kwanza nilichokitambua kwa Sista Kadija Marjan kilikuwa sauti yake. Mwili wake ni mdogo; akisimama nyuma ya toroli ya dawa, unaona kofia nyeupe na macho tu. Lakini asubuhi ile alipoingia kwa mara ya kwanza katika darasa letu la uuguzi hapa Mbale, sauti iliyomtoka ilikuwa ya uwanja wa gwaride.

"Simama!"

Tukasimama.

"Kaa! Simama! Wewe, funga dirisha! Wewe, fungua dirisha! Vua kiatu cha kushoto, weka juu ya meza! Upesi!"

Alisema Kiswahili, tena kile cha kambini. Wengi wetu tulikuwa Wagisu, Wasoga na Wateso, na lugha hiyo tulijifunzia kwenye vizuizi vya barabarani, ambako anayesema ana bunduki na anayesikiliza ana mikono juu. Hatukufikiri hata kidogo. Viatu vikajipanga juu ya meza ndefu. Msichana mmoja alivua na soksi, kwa tahadhari.

Ndipo Sista Kadija akabadilisha sauti. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Kwa nini?"

Tukatazamana.

"Nauliza, wanangu. Kwa nini kuna viatu juu ya meza hii?"

"Umeamuru, Sista," alijibu mmoja wetu.

"Nimeamuru. Na ningewaamuru mruke dirishani?"

Wawili kati yetu waligeuka kupima urefu wa dirisha.

"Juu ya meza hii ndipo tutakapofungua bandeji safi leo," alisema. "Viatu vyenu vimetoka chooni. Mmevileta wenyewe, mkavipanga vizuri, na hakuna aliyefungua mdomo. Karibuni katika uuguzi. Sasa leteni maji ya moto na sabuni."

Huyo ndiye Sista Kadija. Nilikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu, na tangu nilipohitimu mwaka jana ninamsaidia kufundisha. Ninaandika habari zake sasa, kabla ya kesho, kwa sababu kesho huenda akafukuzwa, na sitaki mtu yeyote aseme baadaye kwamba hatukujua tulikuwa na mwalimu wa namna gani.

Tangu siku ile ya viatu tulikuwa na desturi ambayo sijaisikia katika shule nyingine. Kila asubuhi, katikati ya maagizo yake ya kawaida, Sista Kadija huingiza amri moja mbovu. Haitangazi. "Mpe yule mama maziwa," na yule mama anasubiri kupasuliwa. "Toa dripu, imekwisha," na chupa bado ina nusu. "Huyu mtoto amelala vizuri, mwacheni," na mtoto hajalala, amezimia. Yeye husimama karibu, mkono wake tayari kumzuia atakayetii, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyewahi kudhurika. Anayetii hupelekwa kukaa kando ya kitanda kimoja na kusema kwa sauti kila anachokiona, mpaka mgonjwa mwenyewe achoke kusikiliza habari zake. Anayeikamata amri mbovu hapewi sifa. Anaulizwa, "Umejuaje?"

Tulimwita Sajini Meja, kwa siri. Alijua, na nadhani jina hilo lilimfurahisha.

Aliyepata taabu zaidi na desturi hiyo alikuwa Betty, binti wa muuza samaki wa Namatala, aliyejiunga na shule nilipokuwa nakaribia kuhitimu. Betty alikuwa mtiifu kupita kiasi. Wenzake walimtania: "Betty, kuku akimwambia asogee, anasogea na kumwomba radhi." Kila asubuhi alinaswa. Mwishowe akatafuta njia ya mkato. Siku moja alipoambiwa ampe mzee mmoja dawa ya malaria, akaweka kikombe chini na kusema kwa nguvu, "Sikubali!"

"Kwa nini?" aliuliza Sista Kadija.

"Nadhani hii ndiyo amri mbovu ya leo."

"Unadhani. Mzee ana homa?"

"Ana homa, Sista."

"Dawa ni yake? Kipimo ni sawa? Saa yake imefika?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi umemnyima mzee dawa kwa kubahatisha. Kukataa bila sababu hakuna tofauti na kutii bila sababu. Kote huko kichwa kimelala." Akamgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Samahani, dawa yako inakuja, imecheleweshwa na shujaa."

Wodi nzima ilicheka. Betty alilia kidogo stoo, lakini tangu siku hiyo alianza kutazama. Namaanisha kutazama kweli. Alikuwa anafika kitandani na kusimama kwanza, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu vita vya jeshi na waasi huko Teso vimetuletea majeruhi wengi. Siku moja mchana, askari walimleta mwenzao aitwaye Romano, kijana mrefu kutoka kaskazini. Lori lao lilikuwa limeshambuliwa kwenye barabara ya Soroti, likapinduka, naye akagonga kichwa. Mganga alimshona, akaagiza tuangalie mboni za macho na pumzi yake bila kuacha, kisha akaitwa chumba cha upasuaji. Baada ya muda Romano akaanza kuhangaika. Alijipinda, akapiga mateke, akarusha shuka, akaguna kama ng'ombe aliyefungwa vibaya. Sajini wake, Afande Ojok, alikuwa amesimama kichwani pake na bunduki begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sista!" alimfokea Betty, aliyekuwa karibu. "Piga yeye sindano ya kulala! Sasa hivi!"

Sauti ilikuwa ileile ya siku ya viatu. Nilimwona Betty akisimama, mikono nyuma, akimtazama mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akasema:

"Kwa nini, Afande?"

Mama mmoja kitanda cha pili alijifunika shuka hadi usoni.

"Unasema nini?"

"Nauliza kwa nini nimpige sindano."

"Kwa sababu mimi nasema! Mimi sajini!"

"Hiyo ni sababu yako, Afande. Mgonjwa ana sababu gani?"

Mkuu wa shule yetu, Bwana Yekosofati, alikuwa amefika mlangoni kwa kusikia kelele. "Betty!" alisema, sauti ikitetemeka. "Fanya anavyosema afande!"

Betty akamgeukia na kutabasamu. Ndiyo, alitabasamu. "Hata wewe, Mwalimu Mkuu?" alisema, kama mtu anayestaajabia kazi nzuri.

Kisha akaendelea kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. "Amegonga kichwa. Nikimlaza kwa dawa hatutajua kama amelala au anakufa, na pumzi yake inaweza kupungua. Halafu mtu hahangaiki bure, Afande. Tazama mkono wake. Kila mara unarudi mahali pamoja." Akaweka kiganja chini ya kitovu cha Romano. "Pamekuwa pagumu kama mpira. Tangu mmemleta, amekojoa?"

Afande Ojok aliinama kuutazama mkono ule. "Mkojo?"

"Mkojo, Afande."

"Mimi sijui mambo ya mkojo yake!"

"Basi tuanzie hapo."

Tulivuta pazia, mimi na Betty, tukamwekea mpira wa kutolea mkojo. Bakuli likajaa, tukaomba jingine. Miguu ya Romano ikanyooka, mabega yakashuka, na akaacha kupigana nasi. Baada ya kitambo akafungua jicho moja na kunong'ona kitu katika lugha yao.

"Anauliza kama chai iko," alisema Afande Ojok nyuma ya pazia.

"Haipo bado," alijibu Betty. "Mganga arudi kwanza."

Afande aliegemeza paji la uso ukutani kidogo, kisha akatoka nje. Mpaka leo kuna watu hapa wanaobishana kama alitoka kwa hasira au kwa kitu kingine.

Sista Kadija aliyaona yote kutoka mwisho wa wodi, karibu na sinki. Hakuingilia. Betty alimwendea akiwa na uso unaong'aa.

"Sista, nimefaulu? Ulimtoa wapi mtu yule? Amecheza vizuri, mimi mwenyewe nilikaribia kuogopa."

"Mtu gani?"

"Afande wa leo."

Sista Kadija alifuta mikono yake taratibu. "Betty, mwanangu. Amri yangu ya leo ilikuwa ile ya kuacha madirisha wazi kwa mtoto wa kichomi, na hakuna aliyeikamata; nimeyafunga mwenyewe. Yule ni afande wa kweli."

Betty akakalia ndoo ya sabuni. "Na bunduki?"

"Ya kweli pia."

Tulicheka sana bwenini, lakini si kwa muda mrefu. Romano alihamishiwa hospitali moja ya Jinja, na siku mbili hazijapita tukasikia kwamba Bwana Yekosofati amekwenda kambini mwenyewe, akiwa amevaa suti, kuomba radhi. Alirudi na mpango kamili. Jumatatu, mbele ya shule nzima, Afande Ojok atakaribishwa. Betty atapiga magoti na kuomba msamaha. Sista Kadija atatia sahihi ahadi ya kuacha amri mbovu kabisa. Kama Betty hatapiga magoti, au Sista Kadija hatatia sahihi, basi Sista ataondoka shuleni siku hiyohiyo.

Nilikuwepo ofisini Sista Kadija alipoambiwa.

"Nani amelalamika?" aliuliza.

"Bado hakuna," alisema Bwana Yekosofati.

"Afande amelalamika?"

"Sikumkuta. Nimeacha ujumbe."

"Mkubwa wake?"

"Sista, usinihoji kama mwanafunzi! Wakilalamika itakuwa tumechelewa."

"Kwa hiyo umeomba radhi kwa kosa ambalo hakuna aliyelitaja, kwa mtu ambaye hakuwepo."

Sitaki kumwonea Bwana Yekosofati. Meno yake mawili ya mbele yalibaki kwenye kizuizi cha barabara mwaka 1985, kwa sababu alichelewa kutoa kitambulisho. Alipoongea tena aliongea kama mtu anayetuombea uhai. "Muuguzi ni askari asiye na bunduki, Sista. Askari hutii. Hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa tukiwa hai."

"Baba yangu alikuwa askari," alisema Sista Kadija. "Alipiga tarumbeta kambini Jinja mpaka mapafu yakachoka. Akiambiwa apige wimbo wa kulala wakati jua linachomoza, hata yeye alikuwa anauliza. Magoti ya wasichana wetu ni ya kusalimia wazee. Si ya kufutia ukweli. Sitii sahihi, bwana."

Jioni ile nilimsindikiza hadi chumba chake cha kupanga, mtaa wa Namakwekwe. Akaketi mkekani, akachukua kawa la kufunikia chakula alilokuwa akilisuka, nyuzi nyekundu na za zambarau, jinsi mama yake na bibi yake Mnubi walivyosuka. Nilimwuliza kwa nini asitie sahihi tu, kisha aendelee kimyakimya. Hapo ndipo aliponisimulia habari ya mwaka 1979.

Alikuwa muuguzi katika wodi moja ya Jinja. Serikali ilikuwa imeanguka, na mjini watu walikuwa wakiwasaka Wanubi, watu wa kabila lake ambao wengi walitumikia jeshi la serikali ile, nyumba kwa nyumba, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa ametawala nchi. Nyumba ya kaka yake Adrisi ilivunjwa, naye akakimbilia kaskazini. Sista alibaki na wagonjwa wake. Asubuhi moja akaingia mwanamume aliyevaa koti la jeshi, akapiga kelele kwa Kiswahili: "Mnubi yeyote, nje! Magodoro yote, nje!"

"Wenzangu niliokula nao miaka minane wakanishika mikono na kunitoa," alisema, vidole vikiendelea kusuka. "Kwa heshima. Mmoja alinibebea mkoba. Halafu wakaanza kuwashusha wagonjwa sakafuni na kumbebea yule mtu magodoro mpaka kwenye gari lake. Walimpangia vizuri, Topista. Walimfungia na kamba."

"Alikuwa afande gani?"

"Hakuwa afande. Hakuwa na bunduki hata. Alikuwa mwizi wa sokoni aliyeokota koti. Kila mtu Jinja alikuja kumjua. Alikuwa na koti na Kiswahili, basi. Laiti mtu mmoja katika wodi ile angeuliza 'kwa nini', angelazimika kujibu, na hakuwa na jibu. Mimi mwenyewe sikuuliza. Nilitoka." Akavuta uzi mwekundu, akaukata kwa meno. "Sasa Yekosofati ananiambia niache kufundisha neno hilo moja. Hapana. Aniondoe."

Betty, kwa upande wake, alikuwa ameamua kupiga magoti. Kesho yake alikuja darasani na kumwambia Sista mbele yetu: "Nitapiga, Sista. Ni dakika moja tu. Wewe ubaki."

"Sababu ulizotoa kitandani kwa Romano zilikuwa za kweli au za uongo?"

"Za kweli. Lakini nilidhani ni mchezo! Ningejua ni afande wa kweli, ningempiga sindano. Nakuapia, ningempiga."

"Na kibofu chake kingejua kwamba afande ni wa kweli?"

Betty akarudisha mikono nyuma.

"Sikiliza, binti. Siku ile ulifikiri bila kuogopa, kwa sababu ulidhani hakuna hatari. Ni mwanzo mzuri. Sasa unajua hatari iko, na mambo uliyoyaona hayajabadilika hata moja. Amua tena. Lakini ukipiga magoti kwa ajili yangu, atakayekuwa amenifukuza ni wewe."

Hakusema zaidi, na hakumwambia afanye nini. Hilo pia nimetambua ni somo lake.

Juzi Ijumaa nilikwenda nyumbani Budondo kumwona mama, na Jumamosi nikapita Jinja, katika ile hospitali. Sikutumwa na mtu. Nilimkuta Romano ameketi kitandani, kichwa kimefungwa bandeji safi, mkononi kikombe cha chai. Alipojua nimetoka Mbale alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Wewe ndiye Kwa Nini?"

"Hapana, ni mwenzangu. Anaitwa Betty."

"Afande anasimulia yeye kila siku! Kambi nzima sasa wanasema. Mpishi akipiga kengele, vijana wanauliza: kwa nini?"

Kabla sijajibu, Afande Ojok mwenyewe akaingia na fungu la ndizi mbivu. Nilimsalimu, nikamwambia kuhusu Jumatatu, kuhusu magoti, kuhusu Sista Kadija. Alisikiliza akimenya ndizi.

"Nimepata ujumbe ya mwalimu," alisema. "Nitakuja. Romano pia, daktari akikubali. Mimi niko na neno kwa yule msichana. Mbele ya watu wote." Akala ndizi yake, akatazama dirishani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi Mbale nikiwa nimejaa furaha, nikakimbia hadi Namakwekwe. "Sista, tumeshinda! Anakuja na Romano! Ana neno la kusema!"

"Neno gani?"

Nikasimama mlangoni.

"Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza, Sista."

"Miaka mitatu ya kufundishwa," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nilimwona akicheka kwa mwili wote. "Umeona nini, Topista? Umeona mgonjwa anakunywa chai, na sajini anakula ndizi. Hayo ndiyo tunayoyajua. Usiniongezee."

Kwa hiyo siongezi. Leo ni Jumapili. Wanafunzi wamefagia uwanja bila kuambiwa. Bwana Yekosofati amepitapita mara kadhaa akipima mahali pa kuweka kiti cha mgeni, na mbele ya kiti ameagiza utandikwe mkeka kwa ajili ya magoti ya Betty. Kalamu ya Sista Kadija ya kutilia sahihi iliwekwa juu ya meza ndogo, na Sista mwenyewe ameirudisha kalamu hiyo stoo, mbele ya macho yetu, akaenda zake kuangalia wagonjwa. Betty yuko nyuma ya bweni. Nimemwona kupitia dirisha: amesimama peke yake, mikono nyuma, anautazama ule mkeka kutoka mbali kama anavyotazama kitanda cha mgonjwa mpya.

Nimemwuliza kama ameamua. Amesema, "Sijamaliza kutazama."

Lori la kambi litamleta Afande asubuhi, kupitia barabara ya Namatala. Wasichana wa mwaka wa kwanza wamekubaliana kuamka mapema wakae juu ya ukuta, wasikilize injini. Nami nitakuwa nao.